Kinu Kilichozimwa Kikakataa Kupoa: Fukushima Daiichi, Machi 2011

Saa 8:46 mchana, Ijumaa ya tarehe 11 Machi 2011, tetemeko la kipimo cha 9.0 lilipasua sakafu ya bahari mashariki mwa kisiwa cha Honshu, Japani. Kituo cha umeme wa nyuklia cha Fukushima Daiichi kilikuwa na vinu 6, na 3 kati yake vilikuwa kazini. Vyote 3 vilizimika. Havikusubiri mtu: fimbo za kuzimia zilipanda kutoka chini, zikaingia katikati ya fueli, na kazi ya kupasua urani ikakoma ndani ya sekunde chache. Mpaka hapo mtambo ulifanya kile ulichotengenezwa ufanye.

Siku 4 baadaye fueli ya vinu vyote 3 ilikuwa imeyeyuka.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha wimbi la bahari lililofuata tetemeko, au cha mionzi, na yote mawili yamo. Mimi nakisoma kama kisa cha joto, tena joto dogo kuliko watu wanavyodhani. Kinu namba 1, kikongwe kuliko wenzake, kilianza kuuza umeme mwaka 1971. Kikiwa kazini kilitoa megawati 1,380 za joto. Katika hizo, 460 tu ndizo zilizogeuka umeme. Zilizobaki, zaidi ya 900, zilimwagwa baharini kupitia mabomba, mchana na usiku, kwa miaka 40, na hakuna aliyezitia maanani. Joto lililokuja kukiyeyusha kinu hichohicho lilikuwa kama megawati 20, kisha likapungua hadi 7. Mtambo uliozoea kutupa 900 ulishindwa kutupa 20. Hapo ndipo penye kisa.

Kuzima si kupoza

Tukisema mashine imezimwa, tunamaanisha imetulia, na mara nyingi tuko sahihi. Pasi ikichomolewa inabaki na joto, lakini ni joto la akiba, linapungua tu. Makaa yaliyofunikwa na majivu ni hatari zaidi kwa sababu bado yanaungua chini kwa chini, ila hata hayo yana udhaifu wake: yanyime hewa, yatakufa.

Kinu kilichozimwa hakifanani na pasi wala makaa. Kiini cha urani kikipasuka huacha vipande, kwa mfano iodini, sesiamu na strontiamu, na vingi vya vipande hivyo havijatulia. Vinaendelea kubadilika vyenyewe hadi vipate umbo la kudumu, na kila badiliko hutoa mionzi inayogeuka joto ndani ya fueli. Iodini-131 hupungua kwa nusu kila siku 8. Sesiamu-137 huchukua miaka 30. Mwendo huo hauongezwi na joto wala hauzuiwi na baridi, hautaki hewa, na hakuna dawa ya kuutia ukatulia. Fimbo za kuzimia huzuia mipasuko mipya tu. Zile zilizokwisha kutokea zimeshaacha deni, na deni hilo hulipwa kwa ratiba yake lenyewe.

Mara tu baada ya kuzima, joto la mabaki huwa kama asilimia 6 au 7 ya nguvu kamili. Baada ya saa moja linashuka hadi karibu asilimia 1.5. Baada ya siku nzima, kama nusu asilimia. Mteremko ni mkali mwanzoni, kisha unakuwa mrefu na mchovu, haufiki sifuri hata baada ya miaka.

Kwa kinu namba 1, asilimia 1.5 ni megawati 20. Birika la umeme la kawaida hula kama kilowati 2, kwa hiyo ni mabirika 10,000 yaliyofungwa ndani ya pipa moja la chuma, na hakuna hata moja lenye swichi. Ukipeleka hesabu hiyo kwenye maji, yanahitajika kama tani 30 za maji baridi kila saa, yachemke na kuondoka kama mvuke, ili fueli isipande joto. Baada ya siku moja zinatosha kama tani 10 kwa saa. Sasa tazama tarakimu hizo kwa utulivu. Gari moja la zimamoto linaweza kusukuma tani 30 kwa saa bila jasho, na Bahari ya Pasifiki ilikuwa mbele ya lango. Hakukuwa na uhaba wa maji.

Njia za joto zinafungwa

Umeme wa nje ulikatika kwa tetemeko. Jenereta za dizeli zikawaka, pampu zikaendelea, na kwa dakika kama 50 hali ilikuwa ya kawaida kwa mtambo uliozimwa ghafla. Kisha bahari ikaja. Wimbi la kwanza lilifika saa 9:27 alasiri, na la pili, ambalo ndilo lililoangamiza, dakika chache baadaye. Viwanja vya vinu namba 1 hadi 4 vilikuwa mita 10 juu ya usawa wa bahari. Maji yalipanda hadi mita 14 au 15.

Pampu za maji ya bahari zilikuwa ufukweni, chini kabisa, nazo zikaondoka kwanza. Hizo ndizo zilizokuwa zikilitupa joto baharini. Jenereta nyingi zilikaa kwenye vyumba vya chini ya majengo. Ama mashine zenyewe zilizama, ama makabati ya swichi yaliyosambaza umeme wake. Betri za vinu namba 1 na 2 nazo zikalowa. Katika chumba cha kuongozea vinu hivyo viwili taa zilizimika na sindano za vipimo zikalala.

Watu husema mtambo ulikosa umeme, na ni kweli. Lakini umeme haupozi kitu. Umeme hufungua milango ambayo joto hupitia, huzungusha pampu, na huwasha taa ya kipimo inayomwambia fundi kama mlango umefunguka. Vyote hivyo vilikufa kwa pamoja, huku kile kitu kimoja kisichohitaji umeme, yaani joto lenyewe, kikiendelea na kazi.

Kinu namba 1 kilikuwa na njia moja ya kupozea ambayo, kwa maoni yangu, ni ubunifu mzuri kuliko vyote vilivyokuwepo pale. Juu ya kinu yalikaa matangi 2, kila moja lina kama tani 100 za maji. Mvuke wa kinu hupanda wenyewe kupitia mabomba yanayopita ndani ya maji hayo, hupoa, hugeuka maji, kisha hushuka tena kinuni kwa uzito wake. Hakuna pampu. Kinachotakiwa ni valvu iwe wazi tu, na matangi yanaweza kubeba joto la mabaki kwa saa kadhaa.

Baada ya tetemeko matangi yalijiwasha, na yalifanya kazi vizuri kupita kiasi. Kinu kilianza kupoa kwa kasi iliyozidi kikomo cha nyuzi 55 za Selsiasi kwa saa. Kikomo hicho kina sababu: ukuta mnene wa chuma ukipozwa ghafla, upande wa ndani husinyaa kabla ya upande wa nje, na chuma huvutana chenyewe. Kwa hiyo mafundi wakawa wanafunga na kufungua valvu, kama kanuni ilivyowaelekeza. Wimbi liliwakuta valvu ikiwa imefungwa.

Kuna jambo la pili, nalo ni baya zaidi. Mfumo ulikuwa na walinzi wake: ukihisi bomba limepasuka, hufunga valvu ili mvuke usivuje. Lakini walinzi hao walisoma kukatika kwa umeme wa vipimo kana kwamba bomba limepasuka. Betri zilipokuwa zikifa, walinzi hao waliamuru milango ifungwe. Aliyebuni alifikiria uvujaji, na kwa uvujaji uamuzi huo ni wa busara. Hakufikiria siku ambayo kufunga ndiko kungekuwa ajali.

Saa 12:18 jioni taa chache zilirudi, mafundi wakafungua valvu, wakaona mvuke ukitoka nje ya jengo. Dakika 7 baadaye mvuke haukuonekana tena. Wakahofia tangi limekauka, wakafunga. Hakuna aliyekuwa zamu aliyewahi kuliona tangi lile likifanya kazi kweli kabla ya siku hiyo, basi hakuna aliyejua mvuke wake unapaswa kuonekanaje. Huku kwenye kituo cha dharura, ndani ya uwanja uleule, wakubwa waliamini kwamba tangi linaendelea kupoza. Siwezi kuwalaumu wale waliokuwa gizani na tochi mkononi. Ningewauliza wale waliokaa miaka 40 bila kufanya zoezi la kuliwasha.

Kipimo kilichodanganywa

Saa 3:19 usiku kipimo kilifufuliwa kwa betri za kuazima, kikasema maji yako sentimita 20 juu ya fueli. Habari njema. Ilikuwa ya uongo.

Kipimo cha namna hiyo hulinganisha uzito wa nguzo 2 za maji: moja ni maji ya kinuni, nyingine imejazwa maji yasiyobadilika, ili iwe mizani. Joto lilipozidi nje ya kinu, maji ya ile nguzo ya mizani yalichemka na kupungua. Nguzo ikawa nyepesi, na kipimo kikatafsiri kwamba kinuni maji yamejaa. Yaani kadiri hali ilivyokuwa mbaya, ndivyo kipimo kilivyotuliza nyoyo. Uchunguzi wa baadaye unaonyesha fueli ilikuwa tayari imebaki wazi na kuanza kuharibika jioni ileile.

Fueli ikibaki wazi, mvuke peke yake hautoshi kuondoa joto. Halijoto hupanda. Fimbo za fueli zimevikwa aloi ya zirkoniamu, chuma kinachovumilia sana kazi za kinuni, lakini kikifika nyuzi 1,200 hivi huanza kunyang'anya oksijeni kutoka kwenye mvuke kwa pupa. Tendo hilo hutoa mambo 2: hidrojeni, na joto jipya, wakati mwingine jingi kuliko la mabaki lenyewe. Kuanzia hapo moto unajilisha. Vazi la fimbo huyeyuka karibu na nyuzi 1,850, na urani yenyewe iliyochomwa kama kigae hufuata karibu na 2,800.

Hidrojeni ilivuja ikakusanyika juu ya jengo. Saa 9:36 alasiri ya tarehe 12 Machi ililipuka. Picha ya paa likiruka ilizunguka dunia, na wengi walidhani ni kinu kilicholipuka. Kilicholipuka ni gesi. Kinu chenyewe kilikuwa kimekwisha kuyeyuka tangu usiku, bila kishindo.

Maji yapo, mlango haupo

Narudi kwenye lile gari la zimamoto. Kama tani 30 kwa saa zingetosha, kwa nini hazikumwagwa jioni ya kwanza?

Kwa sababu ya presha. Kinu kikiwa kimefungwa na joto linaendelea, mvuke hujibana hadi kufikia mara 70 ya presha ya hewa tunayopumua. Pampu ya zimamoto haifiki hata robo ya hapo. Ukiunganisha bomba, maji hayaingii. Lazima kwanza mvuke wa kinu uachiliwe kupitia valvu za usalama, na valvu hizo ukitaka kuzifungua kwa hiari zinadai umeme. Hapo ndipo wafanyakazi walipochomoa betri za magari yao ya kwenda nazo kazini. Betri ya gari ni volti 12, na valvu ilitaka kama 120, hivyo betri 10 ziliunganishwa mkia kwa kichwa, gizani, mionzi ikipanda. Ni katika mambo yanayoonyesha kwa uchungu zaidi hali ilivyokuwa: kinu cha mamia ya megawati kikisubiri betri za magari.

Ukishamaliza presha ya kinu, kuna ganda linalokizunguka. Nalo lilikuwa limejaa mvuke na gesi, na ilibidi lipumuliwe nje kwa valvu nyingine zilizotaka umeme na hewa ya kushindilia. Na hata maji yalipoanza kuingia, ilikuja kubainika kwamba sehemu yake kubwa ilipotea njiani kwenye mabomba ya pembeni na kwenda kujaza matangi yasiyohusika. Mkuu wa kituo, Masao Yoshida, aliamriwa na makao makuu ya kampuni asimamishe maji ya bahari jioni ya tarehe 12. Alitoa amri hiyo kwa sauti ili isikike kwenye simu ya video, baada ya kumnong'oneza msimamizi wake aendelee kumwaga.

Vinu namba 2 na 3 nitavipitia haraka, maana somo lake ni lilelile kwa mwendo wa polepole. Vilikuwa na pampu inayozungushwa na mvuke wa kinu chenyewe, kwa hiyo joto lilijipoza kwa nguvu zake. Ya namba 2 iliwashwa dakika chache kabla betri hazijafa, ikabaki ikizunguka bila mwongozaji kwa karibu siku 3, ingawa ilitarajiwa kudumu saa chache tu. Ilinyamaza mchana wa tarehe 14. Katika namba 3, pampu ya akiba ilizimwa kwa mkono saa 8:42 usiku wa kuamkia tarehe 13, kwa hofu kwamba ingevunjika na kumwaga mvuke. Walikusudia kuhamia pampu nyingine, ndogo. Valvu za kushusha presha zikakataa kufunguka. Jengo la kinu hicho lililipuka saa 5:01 asubuhi ya tarehe 14, na hidrojeni yake ikapita kwenye bomba la pamoja hadi jengo la kinu namba 4, ambalo kinu chake hakikuwa na fueli hata moja, nalo likalipuka asubuhi iliyofuata.

Milipuko ilikata pia njia zilizokuwa zikitengenezwa. Gari la jenereta lilikuwa limekaribia kuunganishwa na kinu namba 2 pale jengo la kinu namba 1 lilipolipuka na kuchana nyaya. Mabomba ya maji yakapasuliwa. Joto la kinu kimoja liliziba njia ya joto la jirani yake.

Waliopata waya

Anayetaka kujua kiini cha ajali asitazame vinu vilivyoungua tu. Atazame vile visivyoungua.

Vinu namba 5 na 6 vya kituo hichohicho vilipigwa na wimbi lilelile. Ni kweli vilikuwa kwenye matengenezo tangu zamani kidogo, hivyo joto lake la mabaki lilikuwa limepungua, na uwanja wake ulikuwa juu zaidi, mita 13. Lakini fueli ilikuwemo. Kilichoviokoa ni jenereta moja ya dizeli ya kinu namba 6 iliyopozwa kwa hewa, haikutegemea pampu za ufukweni, wala haikuzama. Umeme wake uligawanywa kwa vinu vyote 2, pampu za muda zikaletwa, na tarehe 20 Machi vyote vilikuwa baridi.

Kituo dada, Fukushima Daini, kiko kilomita 12 hivi kusini. Vinu vyake 4 vyote vilikuwa kazini, kila kimoja kikubwa kuliko chochote kati ya vile 3 vilivyoyeyuka. Joto la mabaki la pale lilikuwa jingi zaidi. Wimbi lilizamisha pampu za bahari za vinu 3 kati ya 4. Ila waya mmoja wa umeme wa nje ulibaki mzima. Kwa sababu ya waya huo vipimo vilisoma, valvu zilifunguka, na watu walijua wanachokitafuta. Wafanyakazi kama 200 walibeba mabegani kebo nene, wakatandaza takriban kilomita 9 kwa muda wa kama siku moja, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na mashine kwa wiki kadhaa. Tarehe 15 Machi, siku ambayo jengo la namba 4 lililipuka kule kaskazini, vinu vyote 4 vya Daini vilikuwa vimepoa.

Kwa hiyo nikiulizwa chanzo, sitasema wimbi peke yake. Njia zote za kutolea joto pale Daiichi, hata zile zilizobuniwa zisitegemee pampu, zilipita mahali fulani kwenye swichi moja, na swichi zote zilikaa chini pamoja. Kampuni yenyewe ilikwisha kufanya hesabu mwaka 2008 iliyotoa wimbi la mita 15.7 mahali pale, na ukuta haukuongezwa wala jenereta hazikupandishwa. Tume huru ya bunge la Japani ilihitimisha mwaka 2012 kwamba ajali ile ilitengenezwa na binadamu. Nakubaliana nayo, na ningeongeza kwamba hata bila kuamini wimbi la mita 15, kuipandisha jenereta moja mlimani nyuma ya kituo hakukuhitaji imani kubwa.

Joto lile halijaisha. Maji bado yanamwagwa juu ya mabaki ya vinu vile 3, siku hizi mita chache tu za ujazo kwa saa. Kila tone linalogusa fueli iliyoyeyuka hutoka na uchafu wa mionzi, huchujwa, huwekwa kwenye matangi. Matangi yalizidi 1,000, na maji yakapita mita za ujazo milioni 1.3 kabla Japani haijaanza kuyamwaga baharini, yakiwa yamechujwa na kuzimuliwa, mwezi Agosti 2023. Fueli yenyewe iliyoyeyuka na kuchanganyika na chuma na saruji inakadiriwa kuwa tani 880 hivi. Novemba 2024 fimbo ndefu inayoongozwa kwa mbali, iliyokuwa imeingizwa kinu namba 2, ilitoa punje ya kwanza. Ilikuwa na uzito wa chini ya gramu 1.